Gauni la Kwenda Garissa

"Mwambie aongeze," alisema mzee Alfayo.

Alikuwa akimwambia Esnah, fundi cherehani wa Mosocho, ingawa gauni lilikuwa mwilini mwa Bosibori, na Bosibori alikuwa amesimama palepale. Lakini Bosibori ni mke wa mwanawe. Mzee mwenye heshima zake haongei na mke wa mwanawe habari za nguo, na macho yake huyaweka kwenye paa.

"Mbona limeshapita goti, Tata," alisema Esnah, akimwita baba kwa Kikisii, pini zikiwa mdomoni.

"Goti ni hapa." Alfayo akagonga goti lake kwa fimbo, ko, ko. "Na upepo wa kule ukivuma kidogo, je? Mwambie aongeze."

Esnah akamgeukia Bosibori kwa uso wa kanisani. "Umesikia, mama? Unaambiwa uongeze."

Habari yenyewe ililetwa na Ondieki, dereva wa lori. Onchiri, mume wa Bosibori, alikuwa amepata kazi ya mabomba ya maji huko Garissa, na chumba katika ua wa mzee mmoja wa dini. Joto la kule, alisema Ondieki, linaivisha ndizi kikapuni kabla chai haijachemka. Mtu avae pamba, nyepesi, pana. Na jambo moja zaidi:

"Mwenye nyumba ni mtu mwema, lakini hana mchezo. Mgeni mwenye magoti nje haingii kwake. Anageuzwa mlangoni, hata awe amebeba mtoto."

Hilo la mtoto ndilo lililomnyima Bosibori usingizi. Nyangate alikuwa ameshaota meno mawili, na baba yake hajamwona hata siku moja. Wakigeuzwa, hawana pengine pa kulala, na Onchiri hapati likizo mpaka Krismasi.

Kwa hiyo akakubali yote. Pindo likashuka hadi vifundoni. Mikono ikafika viganjani. Alfayo alikuwa mzee wa kanisa, na tangu sketi za mini ziingie Kisii alikuwa akipigana na magoti kila Sabato; vita hivyo alivijua. Mwisho akanunua na kitambaa kilichobaki, cha manjano chenye maua makubwa ya waridi.

"Mwambie abebe na hiki. La mwilini likichanika njiani, ajifunge."

"Tata, gauni hili si limekuwa pazia sasa?" aliuliza Esnah.

"Heri pazia kuliko aibu."

"Mwambie Tata asante," alisema Bosibori, akiliambia paa.

Mzee ndiye angewasindikiza. Safari yake yeye haikuhitaji fundi: alipiga pasi kaptura yake ya khaki mpaka ikasimama yenyewe, akavuta soksi ndefu, akavaa kofia.

Wakasafiri kwa adabu, yeye kiti cha mbele, Bosibori na mtoto nyuma kabisa. Kila basi liliposimama, mzee alimtuma utingo.

"Mwambie yule mama ashushe gauni."

"Ashushe wapi tena, mzee? Si tayari anafagia basi!"

Garissa, jua lilikuwa limewakalia watu mabegani. Onchiri alikuwa uani akiruka kama mtoto, lakini mlangoni, mbele yake, alisimama mwenye nyumba: ndevu nyekundu za hina, kikoi mpaka miguuni. Akamtazama Bosibori taratibu, kuanzia pindo hadi kitambaa cha kichwa. Bosibori akamkumbatia Nyangate.

"Karibu, binti yangu," alisema yule mzee. "Ingia, mtoto apate maji."

Hatua tatu, na Nyangate akawa mikononi mwa baba yake, akimvuta pua. Bosibori alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akageuka.

Mkono wa mwenye nyumba ulikuwa umeziba mlango.

"Mzee mwenzangu," alikuwa akimwambia Alfayo kwa upole, macho ameyainua kwenye paa, "magoti."

Bosibori akachomoa kitambaa cha waridi kikapuni, akampa mumewe.

"Mwambie Tata ajifunge," alisema. "Na ashushe kidogo. Upepo ukivuma, je?"