Mizizi ya Mupaka

Kyakimwa alipiga mulango teke ndipo ikafunga. Tangu mvua ianze, ile mulango ilikuwa na kichwa ngumu. "Fundi wa kule Mususa alinipatia mbao ya muti mubichi," akanungunika. Ndani alibakisha binti yake Solange na Elikia, mutoto wa kunyonya. Akashika mupanga, akapanda mulima nyuma ya nyumba.

Muti ya mupaka ilikuwa imeshuka tena.

Bazee baliipanda kati ya shamba yake na ya Muyisa, jirani wa juu. Zamani, toka ile muti mpaka ku jiko yake, kulikuwa nafasi ya maharagi ya kulisha nyumba. Sasa majani ya muti ilikuwa karibu kugusa manjanja, zile bati za paa ya jiko. Maharagi ya mwisho ilikuwa imezikwa chini ya udongo ya Muyisa.

"Muyisa! Shuka hapa! Unakula chakula ya batoto bangu?"

Muyisa akatoka katika muhogo, jembe begani.

"Mama Solange, na mupanga asubuhi yote hii? Umekuja kunisalimia ao kunichinja?"

"Usinichekeshe. Kila mvua unangoa muti, unaipanda kwangu. Unafikiri niko kipofu?"

"Mimi? Ni kuku zako ndizo zinakula kwangu! Na ule mufereji kule juu, si wewe unauchimba ili unikatie shamba?"

"Mufereji gani? Mimi sijafika kule juu tangu tukate miti ya kuchoma makala."

"Bongo! Unadanganya!"

"Bongo ni yako, muizi!"

Muyisa akatupa jembe mbele ya miguu ya Kyakimwa.

"Donc, basi, chimba. Muti yenye kuhamishwa, mizizi yake inakuwa ya kukatwa. Ukikuta hata mumoja wa kukatwa, shamba yangu yote ni yako."

Kyakimwa akachimba kwa hasira, udongo ikimurukia usoni. Alikuwa tayari anaona batoto bakishiba.

Mizizi ilikuwa minene, ya zamani, yenye kushikana na majiwe mpaka chini kabisa. Hata mumoja haukukatwa.

"Unaona?" Muyisa akacheka. "Hakuna mutu aliigusa, hata siku…"

Kicheko ikamufia mudomoni. Bakaangalia jiko, pale karibu. Bakaangalia ile muti. Kisha bote babili bakainua macho polepole kule juu, penye ule mufereji ambao hakuna mutu aliuchimba: mulima yenyewe ilikuwa imepasuka, inashuka pamoja na muti.

Toka nyumbani, Solange akaita:

"Mama! Mulango inakatala kufunguka!"