Mzee wa Kanisa Ndani ya Kanzu

Kanzu ilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Gadiel alikanyaga pindo lake kwenye ngazi za msikiti wa kale, akayumba, na Meshack, mpambe wake, akamdaka kiwiko. Meshack hakucheka. Mpambe anayesubiri bosi wake apate udiwani hujifunza mapema kutocheka.

Kura zilikuwa zimekaribia. Mara iliyopita Gadiel aliangushwa, na sokoni kila mtu anajua kuwa waliomwangusha ni watu wa msikiti huu. Walikuwa na sababu. Ni huyuhuyu Gadiel, mzee wa kanisa kule Njiro, aliyezunguka nyumba kwa nyumba akikusanya sahihi ili adhana isisikike mtaani kwake, eti inawashtua mbwa. Alipokuja kugombea huku katikati ya jiji, maana Njiro wanamjua mno, alidhani habari ya mbwa imesahaulika. Watu wa aina yake huamini kwamba ukimpa mnyonge kofia na fulana, umemnunua pamoja na kumbukumbu zake.

Safari hii chama kilimwambia wazi: ukikosa kura za msikiti, usirudi tena kuchukua fomu.

Basi akaja kuzuru. Aliita ziara hiyo kutembelea urithi wetu. Urithi huo alikuwa ameupita tangu utotoni, akishuka kutoka mlimani na mama yake kuuza ndizi, na hata siku moja hakuinua macho kuutazama mnara. Leo alimwamuru Meshack ampige picha akiwa ameegemeza kiganja ukutani, kama vile aliujenga yeye.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Saa hiyo aliichagua mwenyewe. Alimweleza Meshack kwamba hapo ndipo nyumba ya Mungu hujaa. Kanisani kwake ibada ya pili huanza saa hiyohiyo.

Mlangoni mzee mmoja alikuwa akipanga viatu.

"Karibu," alisema. "Vua viatu, pita. Wenzako wameshaingia, wanamsubiri sheikh."

Kisha akamtazama juu mpaka chini, akaongeza kuwa amefanya vizuri kuja na kanzu yake mwenyewe.

Gadiel alimgeukia Meshack huku macho yakimng'aa. Amesikia hilo neno, wenzako? Kura zimeshaanza kuingia. Akamwachia viatu, akamwambia abaki hapo nje, asije akamharibia kwa shati lake la kampeni.

Ndani, watu walikuwa wameketi juu ya zulia, vijana wengi, wanaume kwa kanzu nyeupe na wanawake kwa ushungi wa buluu, wamechanganyika, wakizitazama nguzo na maandishi ya darini. Mtu mwingine angeuliza ni akina nani na wanafanya nini. Gadiel hakuja kuuliza. Alikwenda moja kwa moja mbele, akasimama kwenye mihrabu, ambayo aliidhania madhabahu, akaupa mgongo ukuta unaoelekea mlimani.

"Asalaam aleikum."

Jibu lilikuja vipandevipande, wengine wakichelewa, wengine wakimeza maneno. Akadhani wameduwaa kwa heshima. Dada mmoja wa mstari wa mbele aliinua mkono. Gadiel akamshusha kwa kiganja: maswali baadaye, binti.

Akaanza. Aliwasifu kwa kuwakalisha wanawake bega kwa bega na wanaume, akasema dini zingine zije zijifunze hapa. Alisema babu yake alibeba mawe ya msingi wa msikiti huu. Babu yake, Mungu amrehemu, alikufa akipalilia kahawa mlimani, na jiwe pekee alilowahi kubeba ni la jiko la mkewe. Akaahidi zulia jipya, akaahidi vipaza sauti vikubwa zaidi. Ndiyo, vipaza sauti, yeye wa mbwa.

Walimsikiliza kwa adabu, kimya. Ule ukimya ukamtisha. Aliona udiwani ukimponyoka hivihivi, na hapo akafungua kifua chote.

"Ndugu zangu, niwaambie la moyoni. Kule kanisani naenda kwa ajili ya mke wangu tu. Mimi ni mzee wa kanisa, usharika wa Njiro, sawa, sifichi. Ila wale wachungaji nawajua. Wachumia tumbo watupu. Mahubiri yao ni ya kulazia watoto, na kengele ingekuwa na mnunuzi, wangeshaiuza."

Huko nyuma mtu alikohoa. Mwingine alifunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika. Gadiel akadhani analia, akapandisha sauti.

"Mimi ni wenu. Mkitoka hapa mkawaambie watu wenu haya niliyosema. Neno kwa neno, msipunguze."

Akajifuta jasho kwa mkono wa kanzu. Kazi imekwisha, na imekwisha vizuri. Akamkumbuka yule dada, akamwita kwa upole wa mtu aliyekwisha shinda.

"Haya, binti. Uliza sasa."

Dada alisimama, akasogea, akainamisha kichwa kama binti wa Kiarusha anavyomsalimu mkubwa. Gadiel akamgusa utosini bila kufikiri, kama alivyozoea.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Sikuwa na swali, nilitaka tu tujitambulishe. Naitwa Naserian. Sisi sote tunasomea uchungaji kule Makumira, tumekuja kuuona msikiti wa zamani, na nguo hizi tumeazimwa hapo mlangoni. Ujumbe tutaufikisha, mzee, neno kwa neno. Mimi Jumapili hii nimepangiwa kuhubiri usharika wenu wa Njiro."