Maumivu Yalianza Lini

Kuvaa soksi ya mguu wa kulia kulimchukua Agapito muda mrefu kuliko kunywa chai. Nyonga ilikataa kukunjika. Jana yake ilimgomea juu ya ngazi, akabaki ameng'ang'ania tawi la mchungwa mpaka wenzake walipomshusha. Ndipo msimamizi wao, Januário, Mtimori mwenzake, akakubali kumpeleka kwa daktari mjini.

Njiani Januário alimweleza kwamba msimu huu watu watatu walishaumia shambani, na tajiri hataki kusikia habari za wa nne. Wenye maneno mengi hawaitwi tena Australia mwakani.

"Niachie mimi kuongea, kaka," alisema. "Wewe onyesha panapouma, basi."

Agapito akageukia dirisha la gari. Kule shambani walimjua kwa ukimya wake, na leo alikuwa amechoka hata kubishana.

Daktari, mama mwenye mvi, alizungumza Kiingereza. Alimwambia alale chali, naye akalala, Januário akiwa bado anatafuta kiti. Daktari akamkunja goti, akauzungusha mguu kwa ndani. Agapito akauma meno. Maumivu yalichoma mpaka kinenani.

Daktari alisema huenda gegedu la ndani ya kiungo limechanika; picha ingeonyesha. Apumzike wiki sita, asipande ngazi, afanye mazoezi, na isipopoa achomwe sindano ya kiungoni. Lakini kwanza alitaka kujua chanzo.

"Maumivu yalianza lini?"

Januário akalifikisha swali kwa Kitetum, lugha yao ya Timor. Agapito akajibu taratibu, kwa Kitetum hichohicho. Ilikuwa Juni, siku ya mvua. Ngazi iliteleza kwenye tope, akatua kwa mguu mmoja huku mfuko wa machungwa umejaa kifuani. Siku ileile alimweleza Januário mwenyewe. Akapewa vidonge viwili, akarudishwa juu.

Januário alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia daktari.

"Anasema ni ya tangu utotoni. Alianguka kutoka mgongoni mwa nyati wa baba yake."

"Kwa hiyo si ajali ya kazini?"

"Hapana, daktari."

Daktari akavuta fomu, akaanza kuandika. Januário akainama sikioni mwa Agapito.

"Anasema ni uchovu tu, kaka. Utameza vidonge, keshokutwa unapanda."

Agapito hakuwa na hasira. Alikuwa na uchovu wa miezi miwili ya kulala upande mmoja. Akashika ukingo wa kitanda, akajiinua kidogo kidogo mpaka akaketi.

"Usiandike kwanza, daktari," alisema kwa Kiingereza kilichonyooka. "Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Hatukuwahi kufuga nyati."