Kiti cha Zawena

Tangu shule ile ya pembezoni mwa mji ifunguliwe, kila mwanafunzi alikuja na kiti chake, na akimaliza aliondoka nacho. Arobaini ya Zawena ilipopita, mama yake alikwenda kukichukua cha marehemu. Alikikuta darasani kimefutwa vumbi, jina la bintiye lingali kwenye egemeo, limeandikwa kwa rangi ya kucha. Kando yake msichana mmoja alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Mbona hukikalii hiki, mwanangu?”

“Ni cha Zawena, mama.”

Mama alikibeba mpaka mlangoni, akasimama, kisha akarudi nacho.

“Haya, kalia.”

Msichana aliinuka kwenye ndoo, akaketi pembeni kabisa, akaacha nusu ya kiti wazi.