Ganda la Nyuma ya Nyumba ya Mwenyekiti

Hilkka alichomeka waya uliopindwa ncha ndani ya ganda la risasi, akaukokota polepole kutoka chini kwenda juu, macho kayafumba. Taisto, mumewe, alikuwa ameisahau kahawa mkononi.

"Haya, linasema nini?" Oiva aliuliza.

"Ganda halisemi likiharakishwa."

Oiva alikuwa mwenyekiti wa chama cha wawindaji, na asubuhi hiyo alikuja na uenyekiti wake wote. Nyuma ya nyumba yake alikuwa amesimamisha sanamu ya hirvi, yule mnyama wa pembe pana anayempita farasi kwa kimo. Aliikata mwenyewe kwa mbao na kuipaka rangi, zawadi ya wajukuu. Jumapili aliikuta na tundu la risasi. Hatua mia hivi kutoka pale, ukingoni mwa msitu, akaokota ganda moja la shaba kwenye majani ya beri. Kanuni ya chama ilikuwa fupi: anayefyatua kuelekea nyumba ya mtu hawindi tena msimu huo.

Na kijiji kizima kilikuwa kimeshamtaja Taisto, kwa kuwa Jumamosi, siku ya ukungu, zamu ya upande ule ilikuwa yake. Alikuwa na miaka sabini na minane. Msimu huu ukimpita, huenda usiwepo mwingine, na hilo lilikuwa limemnyima raha tangu Jumapili.

Wawindaji wote kumi na wanne walikuwa wakiyajaza maganda yao upya baruti na risasi, na wote walimletea Hilkka awachagulie. Lenye ufa shingoni alitupa, lenye mfuo ndani karibu na kitako alitupa. Mazima aliyaosha, akayakausha, akayaweka pakavu chumba cha chini, kila bunduki na kopo lake la kahawa lenye jina ubavuni. Hakuyachanganya hata kwa dawa. Ganda likishalipuka hutanuka na kushika umbo la bunduki yake, na kulabu inayolitoa huliachia mkwaruzo kwenye ukingo wa kitako. Hilkka aliijua mikwaruzo yote ya kijiji.

"Nikuletee kopo la Taisto?" Oiva aliuliza.

"Kaa ule mkate. Naanza na ganda." Akauchomoa waya. "Limejazwa mara saba hili. Mwenyewe bahili kwelikweli, mtu mwingine angelitupa zamani."

"Taisto huyo," alisema Oiva, akijikatia mkate wa iliki.

"Lakini shabaha anayo. Umesema tundu liko wapi?"

"Nyuma ya bega, mahali penyewe. Bahati tu."

"Mimi mwaka huu hata kulenga karatasi ya mazoezi kunanishinda," Taisto alisema kwa sauti ndogo.

"Usijifiche kwenye uzee, mzee mwenzangu. Mimi nina sabini na tano, mbona nilipiga?"

Nani asiyejua kwamba alipiga? Jumamosi hiyo hiyo Oiva alikuwa amelilenga dume la hirvi ambalo lilizidi kukua kila aliposimulia.

"Ukungu ulifunguka kidogo, huyo hapo, kanisimamia ubavu. Nikafyatua. Hata hakushtuka, Hilkka. Mnyama wa heshima zake. Halafu ukungu ukafunga, nikapapasa hadi nikachoka, nisimwone tena."

Tangu hapo wanaume sita na mbwa wanne walikuwa msituni wakimtafuta majeruhi huyo. Leo ilikuwa siku ya tatu na hawajaona tone la damu.

"Ulikuwa umesimama wapi?" Hilkka aliuliza, jicho bado kwenye ganda.

"Magharibi ya bwawa, nadhani. Siku ile mtu angejuaje?"

Hilkka alishuka chini, akarudi na makopo mawili. Kutoka la kwanza alitoa ganda la Taisto, akaliweka kitako kwa kitako na lile lililookotwa. La Taisto lilikuwa na mikwaruzo miwili, lile jingine mmoja tu, tena wa mshazari.

"Si lake."

Taisto aliweka kikombe mezani, akafuta macho kwa kiganja bila kuona haya.

"La nani basi?" Oiva alisimama. "Mtaje. Simwonei mtu haya mimi, hata awe ndugu yangu wa tumbo moja. Msimu huu hawindi, na kwenye mkutano atasimama mbele ya wote aombe radhi."

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema. Taisto ni shahidi."

Hilkka akafungua kopo la pili, akatoa ganda, akalinganisha mara moja tu. Akalitumbukiza lile lililookotwa pamoja na wenzake, akafunika, kisha akaligeuza kopo upande wa jina na kulisukuma mbele ya mgeni wake.

"Chukua, Mwenyekiti," alisema. "Na mbwa uwaite warudi. Dume lako ni la mbao."