Msimfungulie Mama Yangu

Haki ya Mungu, hii haina chumvi. Najua mnasema Mzee Isack hata akikwambia jua limechomoza, nenda kachungulie kwanza. Leo tegeni masikio. Mkinikamata na uongo, chai ya meza hii yote juu yangu.

Ni hapa hapa Alexandria, huku ughaibuni kwetu, ghorofa ya tatu. Respicius amelala chali, anamsikiliza mama yake akigonga milango ya watu.

Ko, ko, ko. "Hodi wenyewe."

Kimya. Mama akasogea mlango unaofuata. Leo hata kandambili zake hazikusikika.

Ko, ko, ko. "Hodi jirani."

Hakuna aliyefungua, na Respicius alijua hawatafungua. Kimya kile alikitafuta mwenyewe, tena kwa adabu, tai shingoni.

Mama yake huyo, Bibi Domina, alifika kutoka Bukoba wakati theluji ya huku haijayeyuka. Kwao huwezi kuchangia ukuta na mtu usiyejua ameamkaje. Kwa hiyo kila asubuhi, mwanawe akiwa hotelini anaegesha magari ya wageni, yeye alibeba sufuria ya ndizi akapita mlango kwa mlango kusalimu. Siku moja alimpelekea binti wa jirani sahani ya senene, wale panzi wa kwao, wa kukaanga. Binti akadhani anatishiwa.

Kisha king'ora cha moshi kikalia kwa ajili ya mkate wa mtu ulioungua. Bibi Domina akatoka nje, mikono kichwani, akapiga yowe. Lile yowe lenyewe la kwao, la kuvuka migomba, ambalo akilisikia mtu anaacha jembe shambani na kukimbia. Hapa lilileta polisi. Wenye jengo wakamwambia Respicius: likirudiwa, utafute pengine pa kuishi.

"Mama, huku kila mtu na mlango wake," Respicius akamwambia.

"Na mtu akipatwa na jambo?"

"Hapatwi. Niapie hutapiga yowe tena."

Akaapa, kwa kaburi la marehemu mumewe. Lakini kugonga hakukuapia. Mwana akaona isiwe tabu. Akavaa tai, akapita kwa majirani mmoja mmoja.

"Mkimsikia mama yangu, msimfungulie. Atachoka mwenyewe."

Walimshukuru sana. Mmoja alimwambia hajapata kuishi na jirani muungwana kama yeye. Na kweli mama alichoka. Ndizi akawa anakula peke yake, anaangalia maegesho ya magari dirishani.

Hadi asubuhi hiyo.

Ko, ko, ko. Kwa binti wa senene, televisheni ikaongezwa sauti. Kwa mwenye mbwa, mbwa akanyamazishwa.

Mlango wa mwisho anakaa mtu wa kwetu. Huyo angalau alinyanyuka. Akaenda taratibu asisikike, akaweka jicho kwenye kijitundu cha mlango. Akamwona Bibi Domina yuko peku, kitenge kimefungwa ovyo, hana sufuria.

"Baba, nifungulie," mama akasema, kwa sauti ya chini. Kwao jambo zito halisemwi kupitia mlango. Unakaribishwa, unakaa, ndipo unasema.

Mtu wa kwetu akawaza: nikimfungulia leo, kesho nitamtoaje? Akarudi kwenye chai yake kabla haijapoa.

Respicius alisikia na mlango huo ukikaa kimya. Alitaka kuita. Ulimi ulikuwa umemlalia upande mmoja, na mkono wa kulia haukuwa wake tena. Vigae vya jikoni vilikuwa vya baridi mgongoni. Kando yake simu, ile inayofunguka ikimwona mwenyewe. Mama alikuwa ameishika mbele ya uso wake kama alivyomwona akifanya siku zote. Simu ikautazama ule uso uliopinda, ikaukataa.

Bibi Domina akarudi, akaketi sakafuni, akakipakata kichwa cha mwanawe. Alimwita kwa jina la utotoni, polepole, mpaka jina likawa halina mtu wa kuliitikia.

Yowe hakupiga. Alikuwa ameapa.

Pale mezani hakuna aliyegusa kikombe. Kisha Cherono, yule nesi Mkenya anayekaa Landover, akanigeukia.

"Pole sana, Mzee. Lakini ngoja kwanza. Si umesema milango yote ilibaki imefungwa?"

"Yote."

"Na huyo mama hakuona mtu yeyote?"

"Hakumwona mtu."

"Sasa wewe ulijuaje ako peku, na huyo wa kijitundu alirudi kwa chai yake?"

Nikakoroga chai yangu, ingawa sukari ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Uongo mtupu, binti yangu," nikasema. "Nimetunga." Nikamwita mwenye mkahawa, nikalipia meza nzima.