Njiwa Waliolaza Shingo

Hapo kale, kale ambayo leo hutufikia kama ndoto, Tai aliyetawala ng'ambo ya bahari alimtuma Jemadari Nguruwe akaweke sanamu yake ya dhahabu ndani ya pango la njiwa, walimosali kwa Mungu asiye na sura.

Nguruwe akafika na jeshi lake la walafi. Akawakuta njiwa wamelala kifudifudi mashambani mbele ya pango, maelfu kwa maelfu, weupe kama ukungu ulioshuka, shingo wamezinyoosha.

"Nipisheni, au nitazikata hizo shingo!"

"Kata, Jemadari," akajibu Bi Mahala, njiwa mkongwe. "Tumekurahisishia kazi. Lakini sanamu haiingii."

"Ah, bibi! Kinyago kimoja tu, kinakuzuia nini kusali?"

"Kama ni kimoja tu, mbona umekuja na jeshi zima?"

Askari wakacheka. Nguruwe hakucheka. Akaamua kungoja njiwa wachoke. Mvua za kupandia zikanyesha taratibu juu ya migongo yao siku arobaini, na hakuna aliyeinuka.

Ndipo mpishi wa jeshi akamnong'oneza: "Mzee, ngano tunayokula hupandwa na hawa hawa. Na mvua inakwisha."

Nguruwe akatazama mashamba matupu, tumbo likamnguruma. Akapiga magoti matopeni.

"Bibi, nakuomba, pandeni!"

"Ondoa sanamu kwanza."

Akaibeba mwenyewe mgongoni, akaondoka kwenda kuikabili hasira ya Tai. Nyuma yake njiwa wakainuka wote pamoja, kama ukungu unaopaa, kila mmoja na punje ya ngano mdomoni.